Hasara Ilikuwa ya Nani: Vyondo vya Machakos Miaka ya 1980

Wanaoniuliza habari za biashara ya vyondo, vikapu vyetu vya kusuka, ya miaka ya 1980 karibu wote huanza na bei. Mwanamke wa Ukambani alilipwa shilingi ngapi, na kikapu chake kikauzwa dola ngapi kule Marekani? Wana haki ya kuuliza, kwani pengo lilikuwa kubwa na lilituuma. Lakini mimi nilishika vitabu vya hesabu za vyondo mjini Machakos katika miaka ya neema na katika ile ya kuporomoka, na swali lililonikaa moyoni ni jingine. Mzigo ulipokosa mnunuzi, hasara ilimwangukia nani? Hapo ndipo nilipoitambua biashara ya haki na ile iliyojiita hivyo. Bei nzuri nimezisikia zikitajwa na watu ambao hawakuwa na haki hata kidogo.

Kiondo kilikuwapo kabla ya soko la ng'ambo. Bibi zetu walikisuka kwa nyuzi za gome la ndani la mbuyu na za vichaka vya porini, wakabebea mtama, kunde na mbaazi. Mkonge ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na baadaye ukasambaa hadi ukawa ua wa mashamba yetu ya Machakos na Kitui, kwa kuwa unavumilia ukame na mbuzi hawaupendi. Wanawake waliuchukua wakaufanya wao. Waliukata kwenye ua, wakaupara kwa panga butu juu ya ubao mpaka nyama ya kijani ikatoka pamoja na utomvu wake unaowasha mikono. Nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, zikachambuliwa. Kisha kukaja kusokota. Msusi huketi, huweka nyuzi mbili juu ya paja lililo wazi, huzivingirisha kwa kiganja kwenda na kurudi mpaka zishikane ziwe uzi mmoja. Ukimwona mama wa Kikamba wa rika lile, angalia paja lake la kulia: kuna mahali palipo laini, pasipo hata unywele mmoja.

Kusuka huanzia kwenye kitako. Mitande hutandazwa kutoka katikati kwenda nje, na nyuzi mbili za mshindio huuzunguka kila mtande, moja mbele na moja nyuma, zikipishana. Kitako kikitosha, mitande inasimamishwa na ukuta unaanza kupanda. Hakuna mashine wala kitanda cha kufumia, ni vidole tu. Ndiyo maana mwanamke aliweza kusuka huku anatembea kwenda sokoni, mzigo wa kuni mgongoni umeshikwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso, mikono yote miwili ikiwa kazini kifuani.

Wageni walipenda kupiga picha za wanawake hao njiani. Wanunuzi nao walizifanya picha hizo kuwa hoja. Kwa kuwa anasuka akitembea, walisema, kazi hii haimchukui muda. Na isiyochukua muda haina gharama. Nimesikia maneno hayo kutoka kwa wafanyabiashara wa Nairobi na kutoka kwa wageni waliovaa viatu vizuri, na kila nilipoyasikia nilikumbuka matuta ya shamba, safari za mtoni, watoto wa kulishwa, na mikono ambayo haikupewa nafasi ya kupumzika hata njiani.

Niliajiriwa ukarani baada ya Kidato cha Nne. Shirika lililoniajiri liliungwa mkono na kanisa, likinunua vyondo kwa vikundi vya wanawake na kuviuza kwa maduka ya nje. Kazi yangu ilikuwa kupanda pikapu pamoja na msimamizi na kwenda Masii, Mwala, Wamunyu, Kathiani na Kangundo, kuandika kila kiondo na kila shilingi. Vikundi tulivyovikuta havikuundwa na sisi. Wakamba walikuwa na mwethya tangu zamani, kazi ya pamoja ya kulima na kujenga, na wanawake wale wale waliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko ndio waliokuja na vyondo. Walikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na cheti cha usajili kutoka Idara ya Huduma za Jamii kilichotunzwa ndani ya karatasi ya nailoni. Fedha zao zilikuwa na mipango kabla hazijafika: mabati ya nyumba ya huyu mwezi huu na ya yule mwezi ujao, karo, tangi la maji.

Siku ya ununuzi tuliketi chini ya mti karibu na kanisa au ofisi ya chifu. Kila kiondo kilipimwa mdomo na kimo, kikaangaliwa kama mistari ya rangi imekutana sawasawa, kikasuguliwa kwa kitambaa chenye maji kuona kama rangi inatoka. Kilichoshindwa kiliitwa rijekti. Neno hilo lilikuwa zito. Mwanamke aliyetembea tangu alfajiri angeweza kurudi nacho, na kwa wanunuzi wengine rijekti ilikuwa mbinu: wanakikataa asubuhi, jioni wanakinunua kwa nusu ya bei kwa sababu mama hawezi kukirudisha nyumbani bila unga.

Msimamizi wetu, mama mtu mzima aliyekuwa mwalimu, aliweka utaratibu ambao mpaka leo nauona kuwa ndio uliokuwa moyo wa kazi yote. Kila jina lilisomwa kwa sauti, kwa Kikamba, na vyondo vyake, vilivyokubaliwa, vilivyokataliwa na sababu ya kukataliwa, na fedha. Wengi hawakujua kusoma, lakini walisikiliza na kukumbuka. Nikikosea hesabu ya mwanamke aliyeketi mbele, wa nyuma kabisa alinisahihisha. Kisha fedha ziliwekwa mkononi mwa aliyesuka. Waume kadhaa walikuja wakasimama kando na kudai kwamba wao ndio wenye nyumba. Mwenyekiti mmoja wa Masii aliwajibu kwa upole, bila kuinuka: "Aliyesuka ndiye anayeitwa." Hakuongeza neno, na hakuna aliyebishana naye.

Msimamizi ndiye pia aliyetutuma tuwaulize wasusi kiondo kinawachukua muda gani. Mama mmoja wa Mwala aliniangalia kwa huruma; akaniita mwiitu, yaani binti, nami nikamwita mwaitu, mama.

"Mwiitu, nianzie kuhesabu wapi? Kwenye kukata mkonge au kwenye kitako?"

"Anzia kwenye mkonge, mwaitu."

Akaanza kuhesabu, na wenzake wakamsaidia. Tulichojifunza siku ile ni kwamba kusuka, ambako kila mtu anakuona, si ndiko kunakokula muda mwingi. Kusokota ndiko. Jioni baada ya jioni, baada ya kupika na kulaza watoto, kwa mwanga wa koroboi, paja na kiganja. Na hakuna orodha yoyote ya bei niliyowahi kuletewa na wafanyabiashara iliyokuwa na mstari wa kusokota. Sisi tuliuweka. Bei ikapanda, na mkurugenzi mmoja wa kampuni ya kusafirisha nje akatuambia tunaharibu soko.

Kulikuwa na namna mbili za kununua. Wafanyabiashara wengi walichukua kwa mali kauli: vyondo vinapakiwa leo, mwenyekiti anapewa kikaratasi, fedha zitakuja mzigo ukiuzwa. Kutoka kijijini mzigo ulikwenda Nairobi, mara nyingi soko la Kariokor, ambako mafundi wa kiume waliweka mikanda na vipande vya ngozi mdomoni, na hapo kiondo kikapata sura ya mkoba wa mjini. Fundi wa ngozi alilipwa siku hiyo hiyo. Mchukuzi alilipwa. Wakala wa bandari alilipwa. Msusi, ambaye mkonge ulikuwa wake na mikono ilikuwa yake, alingoja wa mwisho. Kwa hakika yeye ndiye aliyekuwa anaikopesha biashara nzima, bila riba, na hakuna aliyemwita mkopeshaji.

Namna ya pili ililetwa na vyama vya ng'ambo vilivyoitwa vya biashara mbadala. Mfano wa asili yao ni huu: mwaka 1946 mwanamke Mmenonaiti wa Marekani, Edna Ruth Byler, alikutana Puerto Rico na wanawake waliodarizi vitambaa vizuri na bado walikuwa maskini, akaanza kuwauzia kwa majirani na marafiki zake, na kutokana na jitihada hizo likazaliwa shirika linaloitwa leo Ten Thousand Villages. Uingereza kulikuwa na Oxfam, na baadaye Traidcraft, iliyoanza 1979. Ujerumani kulikuwa na GEPA, iliyoanza 1975. Wanunuzi wa aina hii walitoa arubuni, hadi nusu ya thamani ya oda, kabla mkonge haujakatwa. Arubuni ikifika Machakos tuliigawa kwa vikundi, wakanunua rangi na kuweka akiba ya mahindi, kisha wakasuka.

Sitaki kuwapamba. Walibadilisha mitindo kila msimu wa katalogi. Walituma vipande vya uzi vilivyobandikwa kwenye kadi wakitaka rangi ile ile, ya udongo na majani makavu, wakidhani ndiyo asili yetu. Wanawake wetu walipenda rangi ya machungwa na kijani kinachowaka, na walifumua masweta ya mitumba ili wapate nyuzi za mistari ya zambarau. Walinunua rangi za unga dukani kwa sababu walizitaka. Ilinikera kumwambia msusi hodari kwamba chaguo lake la rangi si la Kiafrika vya kutosha. Hata hivyo, arubuni ilikuwa arubuni, na umuhimu wake ulijulikana mwaka 1984.

Mvua zilikatika. Wazee waliipa njaa ile jina, Nikw'a Ngwete, kufa huku umeshika, kwa kuwa mtu aliweza kuwa na fedha mkononi na duka lisiwe na unga. Serikali iliagiza mahindi ya njano kutoka nje, tukapanga foleni. Ukame huzaa vyondo vingi. Shamba likikauka hakuna palizi, na hakuna cha kuuza isipokuwa mikono. Kila nyumba ikasuka, hata wasichana wa shule. Wafanyabiashara waliona milima ya vyondo wakashusha bei, wiki baada ya wiki. Nilimwona mmoja wao, kwenye soko ambalo sitalitaja, akinunua vyondo kwa mafungu bila kuvipima. Msusi alipouliza kwa nini bei imepungua tena, aliambiwa kwamba akikataa, nyuma yake wako wengine mia. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililotia uchungu. Vikundi vyetu vilivyokuwa na arubuni vilikuwa na bei iliyokwisha kuandikwa. Ukame haukuweza kuishusha. Na kwa kuwa fedha zilitangulia, baadhi yao walikuwa wamenunua mahindi mapema, kabla maduka hayajabaki na chumvi na kiberiti tu.

Mwaka 1985 ulikuja na mambo mawili kwa pamoja. Mfumo wa 8-4-4 ulianza, wazazi wakatakiwa kujenga karakana za shule kwa harambee, na fedha za vyondo zikageuka mawe na saruji. Watoto nao wakaanza kusuka darasani katika somo la sanaa na ufundi, mama zao wakiwa walimu wa kweli. Kisha Julai, Nairobi ikapokea Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake. Wajumbe wa serikali walikutana katika jumba la mikutano la Kenyatta, na zaidi ya wanawake 10,000 wa mashirika yasiyo ya kiserikali walikusanyika Chuo Kikuu cha Nairobi. Tulipeleka vyondo kwa lori. Karibu kila mgeni aliondoka na kiondo begani, na kwa muda tuliamini kwamba sasa dunia imetuona.

Ilituona kwa namna mbili. Mtindo uliopendwa hivyo hauachwi kwa wenyewe. Vikaanza kuonekana katika maduka ya Marekani vikapu vya umbo la kiondo vilivyotengenezwa Asia kwa mashine, kwa nyuzi za viwandani, vyepesi, vya rangi isiyotoka, kwa bei ambayo sisi tusingeifikia hata kama msusi angefanya kazi bure. Mitindo nayo ikageuka. Oda zikaanza kupungua, kisha zikaanza kufutwa zikiwa zimekwisha kusukwa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Katika msimu mmoja, vikundi viwili vilivyokaa pande mbili za mto mmoja vilipatwa na jambo lile lile. Mnunuzi wa ng'ambo alifuta oda. Kikundi cha kwanza kilikuwa kimempa mfanyabiashara mzigo kwa mali kauli. Alikaa nao ghalani miezi mingi, kisha akaurudisha kwa lori, akaupakua kando ya barabara. Vyondo vilikuwa vimeshika ukungu na harufu ya ghala, vingine panya wamevitoboa. Mfanyabiashara hakuwa amevunja makubaliano yoyote. Kikaratasi kilisema fedha zitatolewa mzigo ukiuzwa, nao haukuuzwa. Wanawake walivichambua kimoja kimoja, kila mtu akitambua mkono wake katika ususi, wakavianika juani. Mweka hazina wao aliniomba nimsaidie kuandika barua. Tuliandika kwa adabu. Majibu hayakuja.

Kikundi cha ng'ambo ya mto kilikuwa na arubuni kutoka kwa moja ya vyama vya biashara mbadala. Kile chama nacho kilikuwa kimeishiwa. Kiliandika kwamba hakiwezi kupokea mzigo, na kwamba arubuni ibaki kwa wasusi. Nusu iliyobaki hawakuipata. Lakini nusu waliyoipata ilikuwa imekwisha kuwa rangi, mahindi na karo, na vyondo vyenyewe bado vilikuwa mali yao, vizima, vikavu. Waliviuza kwa watalii na Kariokor, polepole, kwa bei ya chini, bila deni. Walilia pia. Mwaka uliofuata walikuwa bado kikundi. Wale wa kwanza walisambaratika, na sijui namna ya kumfafanulia mtu ambaye hajaishi kijijini kwetu maana ya kikundi cha wanawake kusambaratika: ni mabati ambayo hayakufika kwa waliokuwa mwisho wa zamu, na ni majirani waliokaa miaka bila kukopeshana chumvi.

Shirika letu lilifunga milango baadaye, lakini niliendelea kuzifuatilia bei. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 16. Katika mwaka 1993, kulipokuwa na mtikisiko wa fedha, ilipita shilingi 60. Kila aliyeuza nje kwa dola alipata shilingi nyingi kuliko zamani kwa kiondo kile kile. Nilizunguka kwa wasusi niliowafahamu nikiwauliza kama bei yao imepanda. Ilikuwa imepanda kidogo, kwa kiasi ambacho unga na sukari vilikuwa vimekwisha kukimeza. Hawakujua habari za dola. Hakuna aliyewasomea kitabu.

Kisha ukaja uvumi kwamba Wajapani wamesajili kiondo kikawa chao. Nimeusikia kwenye matatu, redioni, hata bungeni ukitajwa kana kwamba ni jambo lililothibitishwa. Hataza hutolewa kwa jambo jipya, na kiondo si kipya hata kidogo. Wasiwasi wa watu ulikuwa wa haki, ila ulielekezwa mbali mno. Mnyang'anyi wa msusi hakuhitaji hataza. Alihitaji kikaratasi na lori. Nimefurahi kuona Katiba ya 2010 na kisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya 2016 zikiwatambua wenye ujuzi wa aina hii. Lakini sheria hizo zinahusu nani mwenye mtindo. Swali la nani anabeba hasara bado linaamuliwa chini ya mti, siku ya kupakia.

Soko limerudi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, kiondo kilirudi mikononi mwa Wakenya wenyewe, na vijana wa mjini wakakipenda. Sasa kuna kampuni changa zinazouza kwa intaneti hadi Ulaya, na kila moja ina picha ya mama anayetabasamu na maelezo marefu kuhusu jinsi ununuzi huu unavyobadilisha maisha yake. Baadhi yao ni watu wema, na kazi yao naiheshimu. Wanaponijia kutaka historia, huwaomba kwanza wanionyeshe mkataba wao na kikundi. Wachache wanao. Wengine hunionyesha picha.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, oda zilifutwa tena kama nilivyokwisha kuona. Nilikwenda kwa kikundi kimoja upande wa Mwala ambacho katibu wake ni binti wa mmoja wa wasusi wangu wa zamani. Nilikuwa na hofu ya kukuta milima ya vyondo. Hakukuwa na mlima. Waliosukia oda walikuwa wamelipwa nusu kwa M-Pesa kabla ya kukata mkonge, na nusu hiyo haikurudishwa. Waliosuka bila oda walijua wanasukia soko la Machakos. Nilimuuliza yule binti sharti hilo amelipata wapi, kwani mashirika mengi ya siku hizi hayalitoi bila kubanwa.

"Mama alikataa tusajili kikundi mpaka tuliandike," akasema. "Mnunuzi wa kwanza alikasirika akaondoka. Tulikaa bila oda mpaka mwaka ukapinduka. Wa pili akakubali."